Utosi wa Mtoto wa Minza

Fyaa. Kimya. Fyaa. Kimya. Ukinikuta naosha vyombo au nimesimama kwenye foleni ya benki na uso wangu umeenda mbali, ujue sauti hiyo imenirudia. Haikuwa kubwa. Ilitoka kwenye spika ndogo ya mashine ya ultrasaundi, mashine yenyewe ukubwa wa begi la kompyuta, na ilikuwa sauti ya damu ikipita ndani ya ubongo wa mtoto njiti ambaye kichwa chake kilienea kwenye kiganja changu. Kwa mtoto mzima sauti ile haikatiki. Inafanana na mtu anayefagia uwanja wa mchanga kwa ufagio wa chelewa asubuhi, fyaaa-shhh, fyaaa-shhh, ufagio unapungua nguvu lakini haubanduki chini. Kwa huyu wetu ufagio ulikuwa unabanduka. Unafagia mara moja, unainuliwa, halafu unabaki kusikiliza kama mwenye kufagia bado yupo.

Nimeikumbuka zaidi wiki hizi kwa sababu Minza, mama wa mtoto huyo, alinipigia kuniambia bibi yake, Bibi Kabula, amefariki. Nikavuka ziwa kwa pantoni kwenda Kamanga, nikapanda bodaboda hadi kwao, nikakaa msibani na wanawake wenzangu, tukimenya viazi na kusongeshana kwenye mkeka. Kulikuwa na msichana mmoja, kimo cha meza, anawaongoza watoto wenzake kwenye beseni la vyombo kama askari wa barabarani: “Sahani za bati huku! Za plastiki kule! Wewe, nimesema kule!” Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akacheka, akauliza, “Jamani, huyu mkali ni wa nani?” Minza hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kiazi chake. “Wangu,” akasema. “Na wa huyu hapa.” Akaninyooshea kisu. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi, na aliyeniuliza nimepatwa na nini nikamwambia ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa upande wa pili kabisa wa nyumba.

Kwa hiyo nauandika mwaka ule. Ya wazazi wangu na nilikotoka nitayaruka, hayana tofauti kubwa na ya wengi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalitoka nikayaangalia mara moja nikafunga simu, basi. Nikapata kibarua cha usafi katika wodi ya watoto wachanga kwenye hospitali moja pale Mwanza, na nikapanga chumba Mkuyuni, nyuma ya jabali kubwa lililozuia jua hadi saa nne. Kuta za chumba kile hazikufika kwenye bati. Ukipiga chafya, jirani anasema “Afya!” Jirani yangu alikuwa Mama Siwema, mkaanga samaki, na karibu kila siku tuliongea juu ya ukuta bila kuonana. Alijua kwamba kila wiki nilikuwa na ndoto mpya. “Mode,” ananiita huku mafuta yanachacharika, “leo wewe ni nani?” Namjibu, “Leo rubani, mama.” “Haya rubani, toa ndoo yako mlangoni kwangu kabla sijaipiga teke.” Wiki nyingine nilikuwa mtangazaji wa redio, wiki nyingine mshonaji wa magauni ya harusi mwenye duka Ilemela, karibu na uwanja wa ndege, ili mabibi harusi wa Dar washuke tu na kujaribu. Sikuwa nadanganya. Kila ndoto niliiamini yote, mpaka vitambaa vyake.

Katika wodi hapakuwa na nafasi ya ndoto unapoingia mara ya kwanza. Joto. Madirisha yamefungwa, watoto wamelala wawili wawili kwenye vitanda vya joto, kila mmoja na kofia ya sufu, vidole kama njiti za kiberiti kweli. Nilipoingia siku ya kwanza na dekio langu nilisimama mlangoni nikashindwa kupiga hatua, nikiogopa upepo wa gauni langu utawaangusha. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Adelina, muuguzi mtu mzima, mwenye macho yanayoona vumbi kabla halijatua. Akaniambia, “Hawavunjiki kwa kutazamwa. Piga deki.” Nikapiga deki. Lakini kwa kuwa nilipiga deki nikiimba chinichini, na kwa kuwa mtoto aliye karibu nami alikuwa ananyamaza, Daktari Kemilembe alipokuja na mashine yake, jina langu ndilo lililotajwa.

Daktari Kemilembe alitoka Kagera, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa amejifunza kupima mtiririko wa damu kwenye ubongo wa watoto wachanga. Tatizo lake lilikuwa moja: mtoto anayelia hapimiki. Akilia, kila kitu kichwani kinabadilika, na namba zinazotoka kwenye kioo zinakuwa za kilio, si za mtoto. Alihitaji mtu wa kushika kichwa kwa utulivu. “Mchukue Mode,” Sista Adelina akasema. “Kazi ya kuongea anaiweza. Ya kunyamaza ndiyo hatujamjaribu.” Nikapewa gauni jingine, nikafundishwa kunawa mpaka kwenye viwiko, kukata kucha, na kuiweka chupa ya jeli ndani ya jagi la maji ya uvuguvugu, kwa sababu jeli baridi ikimgusa njiti anashtuka na joto lake linakimbia. Nikajifunza pia kumwekea mtoto tone la maziwa ya mama yake kwenye midomo. Anaanza kumung’unya, paji la uso linalegea, na hapo ndipo daktari anaweka kidude cha kupimia juu ya utosi.

Utosi, kwa sababu hapo mfupa bado haujafunga. Daktari aliniambia ni dirisha. Kwa watu wazima mfupa umeziba kila mahali, lakini mtoto mchanga bado ana mlango pale juu unaoruhusu mashine kuangalia ndani bila kumchoma wala kumkata. Kwenye kioo ilitokea picha ya kijivu, halafu akibonyeza kitufe mishipa inawaka nyekundu na bluu, halafu akichagua mshipa wa mbele, sauti inaanza na chini ya kioo vinatokea vilima, kimoja baada ya kingine. “Moyo ukisukuma, damu inapanda kilima,” alinieleza, akichora kwa kidole hewani. “Moyo ukipumzika, inashuka. Lakini isishuke mpaka huku kwenye mstari wa chini. Ikigusa mstari, maana yake kati ya pigo na pigo ubongo haupati kitu.” Nikatazama vilima vile. Niliviona kama vya kwetu Mwanza, na nikatamani kila bonde liwe na maji.

Saa nne tulikunywa chai kwenye kichumba cha maziwa, chumba chenye benchi refu ambalo akina mama walikaa kukamulia maziwa kwenye vikombe. Daktari alikuwa na kopo lake la senene wa kukaanga, na Sista alikuwa na chapati, nami nilikuwa na njaa. Ni katika kichumba kile nilijifunza nusu ya ninayoyajua kuhusu watu. Akina mama wakikamua hawatazamani, na wasiotazamana huongea ukweli. Nilisikia nani kaachwa, nani mumewe kahamia machimboni, nani anaogopa kumpa mtoto jina mapema. Hapo ndipo lilipojulikana pia, kwa kuchelewa, kosa lililotokea mwanzoni kabisa.

Mama mmoja kutoka vijijini alileta njiti mwenye kitu cheusi utosini, kimeganda kama lami kidogo. Sista Adelina, ambaye kwao kitu hicho hakipo, alidhani ni masizi ya jikoni. Akachukua pamba na maji ya uvuguvugu, akafuta vizuri kabisa, kwa huruma, ili daktari apime. Mama akarudi kutoka kukamua, akatazama kichwa cha mtoto. Mchana kitanda kilikuwa kitupu, mama na mtoto hawapo, kikombe cha maziwa kimeachwa dirishani. Hatukujua waliishia wapi. Mama mwingine akatuambia kwenye benchi: ile ilikuwa dawa ya utosi, mkaa wa mizizi uliosagwa ukachanganywa na samli, wanamwekea mtoto dhaifu ili utosi usidumbukie. Sista aliweka chapati yake chini na hakuila tena. Tangu siku hiyo Daktari Kemilembe alitoa amri: hakuna kufuta kitu kwenye kichwa cha mtoto bila mama yake kukubali.

Kwa hiyo Minza alipoletwa na gari la wagonjwa kutoka Sengerema, ng’ambo ya ziwa, msichana wa umri wangu, mtoto wake amefungwa kifuani, na utosini mwa mtoto kuna lami nyeusi ileile, wote tulitazamana. Mtoto alikuwa wa kike. Mara kwa mara alisahau kupumua, unamgusa nyayo anakumbuka. Daktari alimsikiliza moyo, akasikiliza tena, akavua vifaa masikioni na kutueleza. Kuna mshipa karibu na moyo ambao mtoto anautumia akiwa tumboni. Akizaliwa unatakiwa ujifunge. Kwa njiti wakati mwingine unakawia, ukabaki wazi, na damu iliyotakiwa kwenda kichwani inarudi njia ya mkato. Ipo dawa ya kuufunga, lakini dawa yenyewe inaweza kuumiza figo. “Simpi asiyeihitaji,” akasema. “Na simnyimi anayeihitaji. Lazima niuone ubongo.” Akajaribu kupima kwa upande, juu ya sikio. Kwa mashine yetu picha ilikuja hafifu, kama kuangalia kupitia pazia. Akamgeukia Minza, akamwomba taratibu ruhusa ya kusafisha utosi.

“Hapana,” Minza akasema. Hakupandisha sauti. Aliweka tu kiganja chake juu ya kofia ya mtoto.

Kesho yake nilikuwa napiga deki kichumba cha maziwa, yeye akiwa mwisho wa benchi na simu begani. “Hawajaitoa, bibi. Ndiyo. Nimewaambia. Ndiyo, mkono wako.” Alipokata simu nikaegemea dekio. Nikamuuliza mkono wa bibi unafanya nini. Akanitazama kuona kama nacheka, akaona sicheki. “Kwetu aliyeiweka ndiye anayeitoa,” akasema. “Mkono mwingine ukiitoa, umemtoa na mtoto.” Nikamwambia basi mpigie tena, aseme tu amekubali, mkono wa mtu si unaweza kutumwa? Akapiga, akaweka sauti kubwa. Tukamsikia Bibi Kabula, mama wa mama yake, kana kwamba amekaa kwenye benchi letu:

“Dawa haitolewi kwa simu!”

“Bibi, daktari anasema…”

“Na mwambie huyo anayechungulia kwenye simu yako, pumzi yake naisikia.”

Nikarudi nyuma. “Shikamoo bibi,” nikasema.

“Marahaba. Nyie ndio wenye mashine inayonyonya damu ya kichwa? Nimeambiwa.” Akakata.

Nilimfuata Daktari Kemilembe nikamwambia kesho ni siku yangu ya mapumziko, nataka nivuke. Angeweza kumfuta mtoto kwa nguvu, wapo ambao wangefanya hivyo, lakini alikumbuka kitanda kitupu. Akaniambia anaweza kusubiri mpaka kesho jioni, zaidi ya hapo itabidi aamue gizani. “Nenda,” akasema. “Lakini nenda kama Modesta. Usijifanye daktari.” Nikaomba nichukue chupa ndogo ya jeli. Sista Adelina alikuwa mlangoni, akauliza, “Na ukirudi peke yako?” Nikamjibu, “Sirudi peke yangu.” Leo nikijisikiliza nasikia utoto, lakini siku hiyo nilimaanisha. Katika ndoto zangu zote hii ndiyo ilikuwa ya kwanza yenye tarehe ya kesho.

Nikavuka na pantoni ya kwanza, nimekaa juu ya gunia la mtu, chupa ya jeli imo ndani ya sweta ili ipate joto, kwa mazoea tu. Nilimkuta Bibi Kabula uwanjani akigeuza michembe iliyoanikwa juu ya mwamba, vipande vya viazi vyeupe kama chaki. Mrefu, mgongo umenyooka, kilemba cha khanga. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama miguu, kisha akasema, “Wewe ndiye pumzi.” Nikasema ndimi. “Kaa. Umekula?” Nikasema nimekula. “Kwenu mnajibu hivyo ili iweje? Kaa.” Akaniletea ugali wa muhogo, mlenda, na maziwa mgando kwenye kibuyu, na mpaka nilipomaliza hakuniruhusu kutaja hospitali.

Ndipo nikatoa jeli. Nikamwambia ndiyo hii tu inayopakwa, mashine haina sindano, haina mpira wa kunyonya, inasikiliza tu kama anavyosikiliza yeye mlango wa jirani. Akaminya kidogo kwenye kiganja, akaivuta kwa vidole ikafanya uzi. Akaionja kabla sijamzuia. “Mlenda wenu huu,” akasema, “hauna hata chumvi.” Nilicheka mpaka nikapaliwa, naye akacheka, na nikadhani mambo yamekwisha. Nikasema, “Basi twende, bibi.” Akaacha kucheka. Akarudi kwenye mwamba wake kugeuza michembe.

“Siendi.”

Nikamfuata. Nikaanza kugeuza upande wangu wa mwamba, maana sikujua nifanye nini kingine. Jua lilikuwa limepanda. Tulifika katikati ndipo akaongea, bila kunitazama. “Minza alizaa mwingine kabla ya huyu. Naye nilimwekea. Kliniki wakaniambia, bibi, osha huu uchafu, mtoto atapata vidonda. Nikaosha kwa mkono wangu. Kabla ya mwezi kuandama tulikuwa tumemzika.” Akageuza kipande kimoja, akakigeuza tena kilipokuwa. “Sasa wewe unataka mkono huu huu ukatoe tena.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mashine inayonyonya. Kwa hili nilijua kabisa nikisema haikuwa dawa iliyomuua wala kuosha, nitakuwa najifanya daktari. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao. “Bibi, sijui kama atapona. Daktari naye hajui. Mshipa wa moyo wake uko wazi, na dawa ya kuufunga inaweza kumdhuru, na kutompa kunaweza kumdhuru. Ataamua leo jioni. Ninachoomba aamue akiwa anaona.” Nikaendelea kugeuza michembe. Sikuondoka. Pantoni moja ilipita, naijua kwa honi yake iliyosikika hadi kwetu kwa mbali, nikageuza. Nikamaliza upande wangu nikaingia upande wake. Mwishowe akanipokonya kipande mkononi. “Unavigeuza vilivyokauka,” akasema. Akaingia ndani, akatoka na kitenge kingine na viatu. “Twende. Ila hiyo mashine itanisikiliza mimi kwanza.”

Naweza kukaa siku nzima nikisimulia Bibi Kabula alivyoingia wodini. Alivyomwamkia kila muuguzi kana kwamba wamemzuru kwake. Alivyomtazama Minza, akamshika kidevu, akasema, “Hukuoga,” na Minza akaanza kulia kwa furaha. Daktari Kemilembe alipomwamkia, bibi alimuuliza kwao ni wapi, akaambiwa Kagera, akageuka kwangu: “Hukuniambia ni Mhaya! Sasa ataongea Kiingereza mpaka mtoto aamke.” Daktari akasema, “Sitathubutu, bibi. Karibu senene.” Bibi akachungulia kwenye kopo. “Mnakula panzi halafu mnaogopa dawa yangu?” Lakini akachota, na akachota tena.

Akakaa kwenye kiti, akainua shingo. Daktari akampaka jeli ya uvuguvugu, akaweka kidude chini ya taya. Sauti ikajaa chumba, nzito, fyaaa-shhh, fyaaa-shhh. Bibi akafumba macho. Akina mama waliokuwa wanapita mlangoni wakasimama. “Ndiyo mimi huyo?” “Ndiyo wewe, bibi.” Akasikiliza mpaka daktari akachoka mkono. “Kumbe bado nina nguvu,” akasema. “Na yule mzee wa jirani ananiambia nimekwisha!”

Halafu akanawa, mpaka kwenye viwiko, nikimwonyesha. Akainama juu ya mtoto, akamnong’oneza jambo kwa Kisukuma, akaitoa dawa kwa pamba na mafuta kidogo kidogo, vidole vyake vikubwa havitetereki. Nikashika kichwa. Nikaweka tone la maziwa. Daktari akaweka kidude.

Fyaa. Kimya. Fyaa. Kimya.

Kwenye kioo vilima vilikuwa vimesimama peke yake, vyembamba kama miiba, na kati yake mstari mtupu. Bibi Kabula alinyanyua uso. “Mbona wangu ulikuwa unaendelea,” akauliza taratibu, “na wake unakatika?”

“Ndicho nilichokuwa nakitafuta, bibi,” Daktari akasema. “Asante.” Na sauti yake, ya mtu aliyezoea, haikuwa imezoea. Dawa ya mshipa ilianza jioni ileile.

Bibi hakukubali utosi ubaki wazi, na daktari hakukubali mkaa juu ya ngozi nyembamba kama ile. Walibishana kama wauza samaki wawili wanaoheshimiana. Walipokubaliana ilikuwa hivi: dawa itapakwa juu ya kofia, si juu ya ngozi, kofia itakaa kichwani, na itavuliwa tu wakati wa kupimwa. “Na atakayeivua?” bibi akauliza. Yeye alikuwa lazima arudi, mji hauna mtu, ng’ombe hawamjui mwingine. Daktari akanitazama, Minza akanitazama. Bibi akachukua mkono wangu wa kulia, akauchovya kwenye kikopo chake cheusi, akaubandika kofiani kwa mkono wake juu ya wangu. Tuliubonyeza pamoja. “Sasa na wewe umeweka,” akasema. “Siku wakitaka kupima tena, usimpe mtu mwingine. Na umwambie mtoto nani kakutuma, ng’wanawane, mwanangu, asishtuke.”

Daktari Kemilembe alihamishiwa mkoa mwingine miaka michache baadaye. Hunitumia senene kila msimu wao unapofika. Sista Adelina alistaafu, na mpaka anastaafu alikuwa anawauliza akina mama kabla ya kugusa hata kofia. Mimi nilirudia mitihani, nikafeli hesabu, nikarudia tena, na sasa ni muuguzi wa cheti kwenye zahanati Ilemela, ndege zikipita juu ya bati. Mama Siwema aliposikia alisema, “Hiyo ya urubani umeiacha?” Nikamwambia naipumzisha tu. Watu husema niliamua kuwa muuguzi siku niliyomleta bibi, na Minza hupenda kuisimulia hivyo, na mimi huwaacha. Si siku hiyo. Ilikuwa asubuhi nyingine, dawa ilipokwisha kumaliza zamu zake na daktari alipotaka kujua kama mshipa umefunga.

Nilifika kabla yake. Minza alikuwa kichumba cha maziwa, Sista yuko upande wa pili akibadilishana zamu, sikumwita yeyote. Niliwasha jiko, nikapasha maji, nikazamisha chupa ya jeli kwenye jagi. Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa macho, ananitazama au anatazama taa, kwa umri ule huwezi kujua. Nilijua vizuri kwamba kama kitu kingetokea asubuhi ile, si sayansi ya daktari wala Mungu wa Sista ambaye angeulizwa kule ng’ambo. Ungeulizwa mkono huu. Nikainama karibu na sikio lake dogo. “Ni Modesta,” nikasema. “Nimetumwa na bibi yako.” Nikaingiza vidole chini ya ukingo wa kofia, nikaivua, nikaikunja upande mweusi ndani, nikaiweka kwenye sahani safi pembeni ya kichwa chake. Halafu nikaenda mlangoni kumwita daktari.